TUMSHUSHE MZIGO KWANZA

Neno la mwezi kwa jamaa zote za kanisa
Masomo: Luka 13:10-17, 2 Wafalme 20:1-7, Wagalatia 6:1-5

  

Mwezi huu tunataka kusema juu ya jambo ambalo limeleta maneno mengi kati yetu: ugonjwa wa shingo, na swali la kupasuliwa au kutopasuliwa. Mnajua kwamba wawili wa kundi letu wamepata ugonjwa huo, mama mmoja na baba mmoja. Wametupa ruhusa tuseme habari zao bila majina. Tunaandika ili tufundishane, na pia ili tuungame, maana katika jambo hili sisi wazee tulikosa.

Shingo iliyobeba mengi

Wengi wetu tunakumbuka Rusizi I. Ni pale karibu na mahali mto unapoliacha Ziwa Kivu, Bukavu upande mmoja na Cyangugu upande wa pili. Kabla ya kuwa wakimbizi tulipavuka pale kwa biashara: unga, nyanya, samaki, vitambaa. Mama huyu alikuwa mmoja wa wale wamama wa Bukavu wanaobeba mizigo ya watu kwa mshahara. Mnawajua. Gunia linakaa mgongoni, na kamba inapita juu ya paji la uso, hata shingo yote inavuta kama ng'ombe wa kulima. Mwaka 2004, vita vilipofika Bukavu mwezi wa sita, alivuka daraja akiwa na mtoto mgongoni na mzigo wa vyombo kichwani. Tangu siku ile hajapumzika. Hapa kambini kazi ni ile ile: bidoni ya maji, kuni, posho. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, na mama wa nyumba anaibeba mara tatu au nne kwa siku.

Maumivu yalianza kama shingo iliyolala vibaya. Baadaye yakashuka begani, yakapita mkononi mpaka kwenye kidole gumba, kama moto wa umeme. Usiku hakulala. Akagundua kwamba akiweka mkono juu ya kichwa anapata nafuu kidogo, basi akawa anakaa hivyo mbele ya nyumba yake. Majirani walipomwona ameshika kichwa walidhani amefiwa, wakaja kumpa pole ya msiba. Akawaambia, "Sijafiwa, ni mkono huu."

Nasi tulifanya nini? Tulimwombea, na hilo lilikuwa jema. Lakini Jumamosi ile ile tuliwaita wamama kubeba mchanga na mawe kwa ajili ya ukuta wa kanisa, naye akaja, maana aliona haya kukaa. Tulimwona ameinama na beseni la mchanga kichwani, tukamsifu kwamba ana moyo wa kujitoa. Tuliomba Mungu amwondolee mzigo, na kwa mikono yetu wenyewe tukamtwika. Mungu atusamehe.

Mwili ulivyoumbwa

Sisi si madaktari. Lakini tuliuliza, tukaelezwa kwa subira, na ni vizuri kila mtu aelewe.

Shingo ya mtu ina mifupa 7 iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Kati ya mfupa na mfupa, isipokuwa ule wa kwanza na wa pili, kuna kitu kama mto mdogo kinachoitwa diski. Nje diski ni ngumu kama ukanda, ndani ni laini kama uji mzito. Inafanya shingo igeuke na kuinama bila mifupa kusagana. Nyuma yake unapita uti wa mgongo, ile njia kuu inayopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi mikono na miguu. Pembeni inatoka mishipa ya fahamu inayokwenda mikononi.

Umri ukipanda, au shingo ikichoka, ule ukanda unaweza kupasuka na uji ukatokeza nje. Ukibana mshipa wa pembeni, mkono unauma, unakufa ganzi au unapoteza nguvu. Ndiyo sababu kidonda kiko shingoni na maumivu yako kwenye kidole. Mtu anaweza kupaka dawa mkononi mwaka mzima bila kufikia mahali penye shida. Tena wataalamu waliowapima watu wanaobeba mizigo kichwani wamekuta mifupa na diski za shingo zimechakaa mapema kuliko za wengine. Basi ugonjwa huu si laana wala si urogi, na hatuna haja ya kumtafuta jirani aliyeutuma.

Neno la Mungu linasemaje?

Hapo ndipo kanisa liligawanyika. Wengine walisema, "Akienda kupasuliwa ameonyesha kwamba hana imani." Wengine walisema, "Auze hata sahani zake, apasuliwe kesho." Tufungue Maandiko.

Mfalme Hezekia alipougua karibu ya kufa, aliomba kwa machozi, na Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi. Ahadi ilikuwa imekwisha kutoka. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza wachukue mkate wa tini, wauweke juu ya jipu, na mfalme akapona. Ahadi na dawa vilitoka kinywani mwa nabii mmoja. Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa waliponywa, alimshauri Timotheo jinsi ya kulitunza tumbo lake, akamwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto, na alisafiri na Luka, tabibu aliyempenda. Je, Paulo hakuwa na imani?

Wengine wanataja habari za Asa katika 2 Nyakati 16. Someni vizuri. Kosa la Asa si kwamba aliwaita waganga. Kosa lake ni kwamba aliwategemea wao na kumwacha Bwana. Mgonjwa anayekwenda hospitali huku anaomba hafanani na Asa hata kidogo.

Na tumwangalie yule mama wa Luka 13, ambaye alikuwa amepindika miaka 18. Alikuwa mtu wa ibada. Yesu alimkuta ndani ya sinagogi. Mkuu wa sinagogi alikasirika kwa sababu aliponywa siku ya sabato. Yesu akamkumbusha kwamba hata ng'ombe na punda hufunguliwa siku hiyo wakanywe maji. Wapendwa, mkuu huyo alimwona mama huyo sabato nyingi, akaijali kanuni kuliko mgongo wake. Tulipomwambia dada yetu asiende hospitali kwa sababu ya imani, tulikaa kwenye kiti cha mkuu yule.

Kungoja kwenye hekima na kungoja kwenye hatari

Lakini pia wale waliosema apasuliwe kesho hawakusema sawa. Yesu alifundisha kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Na Marko anatuonyesha mama aliyemaliza mali yake yote kwa waganga na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Kuna kungoja kwenye hekima, na kuna kungoja kunakoleta ulemavu. Lazima tujue tofauti.

Daktari alimpima mama yetu. Alimgonga viungo kwa nyundo ndogo, akapima nguvu za vidole, akamtembeza. Miguu ilikuwa mizima, na mkono haukuwa umepoteza nguvu nyingi. Akamweleza kwamba wengi wenye ugonjwa wa namna hiyo hupata nafuu bila kisu katika muda wa majuma na miezi, maana mara nyingi mwili wenyewe hulipunguza lile pande lililotokeza. Akampa dawa za maumivu, mazoezi mepesi ya kufanya kwa utaratibu, na amri moja: hakuna mzigo kichwani. Akamwambia arudi apimwe tena, na arudi mbio ikiwa mkono utazidi kulegea. Leo, baada ya miezi minne, analala usiku. Kidole gumba bado kina ganzi, lakini anashona, na anamshukuru Mungu. Kwake, kungoja kulikuwa hekima, kwa sababu alingoja akiwa amepimwa.

Habari za baba yetu ni nyingine. Yeye hakuwa na maumivu mengi. Alianza kushindwa kufunga vifungo vya shati. Vikombe vilimdondoka. Akitembea alikuwa anayumba, na watoto walimcheka kama mlevi, naye hajaonja pombe tangu aokoke. Kwake diski haikubana mshipa wa pembeni, ilibana uti wenyewe. Nasi tulimwambia, "Vumilia, baba, muujiza uko njiani." Mtu mmoja wa kuunga mifupa akamnyonga shingo kulia na kushoto, jambo ambalo ni hatari kubwa kwa mtu wa hali hiyo. Alipofika kwa daktari wa upasuaji, miguu ilikuwa imekwisha kukaza. Alipasuliwa, na Mungu alisaidia mikono ya madaktari. Lakini walikuwa wamemwambia ukweli mapema: upasuaji wa namna hiyo kwanza huzuia ugonjwa usiendelee, yale yaliyokwisha kupotea yanaweza kurudi kidogo, au yasirudi. Leo anatembea kwa fimbo. Kila tunapoisikia fimbo yake ikigonga sakafu ya kanisa, tunakumbuka miezi tuliyompotezea.

Kwa hiyo shikeni haya, na kila mkuu wa jamaa awasomee watu wa nyumba yake. Mtu mwenye shingo mbaya aende hospitali bila kukawia akiona moja ya mambo haya:

1. Miguu inalegea au inakaza, au anayumba akitembea.
2. Mikono imekuwa mizito kwa kazi ndogo, kama kushika sindano au kufunga kifungo.
3. Mkono unazidi kupoteza nguvu siku kwa siku.
4. Anashindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo unakataa kutoka.
5. Maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali, au yanakuja pamoja na homa na kukonda.

Katika hayo, ombeni mkiwa njiani.

Kuhesabu gharama ya kisu

Daktari akisema upasuaji unafaa, mgonjwa aulize bila woga. Tumeelezwa kwamba njia inayotumika sana, ambayo ilianza miaka ya 1950, ni kupitia mbele ya shingo. Wanaitoa diski iliyoharibika, wanaweka kipande cha mfupa au kifaa kidogo mahali pake, na mifupa miwili inaungana kuwa mmoja. Njia ya pili ni kuweka diski ya kutengenezwa ili shingo iendelee kugeuka pale. Hiyo ina gharama kubwa, wala haipatikani kila mahali. Njia ya tatu ni kupitia nyuma na kupanua tundu la mshipa uliobanwa. Si kila njia inafaa kila mtu.

Upasuaji husaidia zaidi maumivu ya mkono kuliko maumivu ya shingo yenyewe. Sauti inaweza kukwaruza na kumeza kukawa kugumu kwa muda. Kwa wengi hayo hupita. Kuna hatari nyingine ambazo hutokea mara chache, kama vidonda kuingia usaha, mshipa kuumia, au mifupa kukataa kuungana. Anayevuta tumbaku aiache, maana tumbaku huchelewesha mfupa kuunga.

Basi mgonjwa aulize: Nikingoja, ni nini kinaweza kuharibika ambacho hakitarudi? Nikipasuliwa, ni nini mnatumaini kitapona, na ni nini hakitapona? Nitakaa muda gani bila kazi? Nani ataniangalia baadaye? Daktari mwema hakasiriki akiulizwa hivyo.

Kwetu wakimbizi kuna gharama nyingine ambazo hazimo katika karatasi ya hospitali. Kuna karatasi ya rufaa ya kutafuta. Ile picha ya sumaku, ambayo wengi wanaiita IRM, haimo katika kila hospitali ya wilaya, na anayetoka Rusizi kwenda Kigali anapita mlima na msitu wa Nyungwe akiwa na shingo inayouma kwa kila kona. Kuna hofu pia. Mama yetu alituuliza, "Nikifia mezani, watoto wangu watabaki na nani katika nchi hii?" Hatukuwa na jibu. Alikuwa anauliza kama sisi ni ndugu zake au ni majirani tu wa ibada.

Na kuna wanaosema, "Nitangoja, nitatibiwa nikifika Marekani." Wapendwa, mnajua yaliyotokea mwezi wa Januari 2025, mpango wa kupokea wakimbizi ulipositishwa kule Marekani na safari za watu wengi zikakatika. Mungu anaweza kufungua mlango huo tena kwa wakati wake. Lakini uti wa mgongo hausomi orodha ya safari. Kinachohitaji tiba leo kitibiwe hapa, leo, kwa kadiri inavyowezekana.

Mzigo wa mwenzio

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu akiwa amebeba mwingine, wewe unaona mwepesi. Ndivyo tulivyouona mzigo wa mama huyu. Lakini Paulo anatuagiza kubebeana mizigo, na kwamba hivyo ndivyo sheria ya Kristo inavyotimizwa. Mistari mitatu mbele anasema kila mtu ana furushi lake mwenyewe. Maneno hayo hayagombani. Uamuzi wa kupasuliwa ni furushi la mgonjwa. Hakuna mzee wala nabii wa chumba cha maombi anayepaswa kuamua mahali pake. Bali bidoni ya maji ni mzigo, na mzigo ni wetu sote.

Mnamkumbuka yule mwenye kupooza wa Marko 2. Alifika kwa Yesu kwa sababu watu wanne walimbeba, na Yesu aliiona imani yao. Yule Msamaria naye hakuishia kumhurumia mtu wa njiani. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni, akaahidi kurudi.

Basi tumekubaliana hivi, nasi tunaomba kila mmoja aweke mkono wake:

Vijana wa kwaya watachota maji kwa zamu katika nyumba za wagonjwa wa shingo na mgongo. Hakuna kijana atakayepita na mikono mitupu mbele ya mama mwenye bidoni.

Kazi ya kanisa haitabebwa tena kwa vichwa vya wamama. Mchanga na mawe vitasukumwa kwa mkokoteni, na kama hatuna mkokoteni, ukuta utangoja. Mungu hakai ndani ya ukuta uliojengwa kwa kuvunja shingo ya binti yake.

Mgonjwa akienda hospitali, mmoja wetu atakwenda naye, asikie maneno ya daktari na kuyaandika, maana mwenye maumivu husahau. Akilazwa, watoto wake watakula katika nyumba zetu, na majina ya nyumba hizo yataandikwa kabla hajaondoka, ili aondoke moyo wake umetulia.

Na hakuna mtu katika kanisa hili atakayemwambia mgonjwa kwamba dawa au kisu ni dhambi. Tutawapaka mafuta na kuwaombea kama Yakobo alivyoagiza, kisha tutawasindikiza mpaka kwenye gari.

Neno la mwisho

Mungu aliwaambia Waisraeli kwamba wana shingo ngumu. Hakusema juu ya mifupa, alisema juu ya moyo usiokubali kugeuka. Dada yetu shingo yake haigeuki vizuri, lakini moyo wake uligeuka upesi, akatusamehe siku tuliyokwenda kumwomba radhi. Sisi tuliokuwa na shingo nzima ndio tuliochelewa kugeuka na kumtazama.

Yesu aliwaita waliochoka na waliolemewa, akawaahidi nira iliyo laini. Akituita sisi kuwa mwili wake hapa kambini, basi bega letu ndilo atakalotumia kuwapunguzia wengine.

Tuombe: Bwana, ulihesabu mifupa yetu tangu tumboni mwa mama zetu. Uwaponye wagonjwa wetu kwa njia unayopenda, kwa maombi, kwa dawa au kwa mikono ya madaktari. Wape hekima wanaopima kati ya kungoja na kupasuliwa. Utusamehe sisi tuliowatwika. Utufundishe kushusha mzigo kwanza, ndipo tuimbe. Kwa jina la Yesu, Amina.

Jumapili ijayo baada ya ibada, vijana wote wabaki kwa kupanga zamu za maji. Kila mmoja aje na bidoni yake.

Ni sisi wazee wa kanisa, watumishi wenzenu katika Bwana.